Benchi la Mbele Liachwe Wazi

Ndugu waombolezaji, majirani wa Toakhe, na nyinyi wasomaji mliotoka mbali kwa treni na mabasi, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika, na kabla ya jambo lolote familia inawaomba wale vijana wawili walioegemea nguzo ya turubai wasilikalie benchi hili la mbele hata kama miguu inawauma, viti vya plastiki vipo nyuma, Ju-an atawapa, benchi hili limeachwa wazi kwa agizo la marehemu mwenyewe na sababu yake mtaisikia humu humu.

Historia hii inasomwa na mdogo wa marehemu, Liau Ban-seng, mtengeneza mchuzi wa soya, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa mitungi yake kuliko kwa maneno yake, na ambaye hakuiomba kazi hii. Alipendekeza isomwe na mhariri wa vitabu, mtu mwenye sauti nzuri na miwani ya maana, marehemu akakataa, akapendekeza isomwe na Ju-an, binti pekee wa marehemu, marehemu akakataa kwa ukali zaidi. Kwa hiyo mvumilieni, hasomi vizuri na anajua hasomi vizuri.

Marehemu Liau Sok-hun alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapa hapa Toakhe, mkoani Yunlin, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Liau Tian-hok, mkuu wa kundi la vikaragosi la Nyota Tano, na Mama Ko A-gek, aliyeshona mavazi ya vikaragosi hivyo kwa vitambaa vidogo kuliko kiganja. Alizaliwa nyuma ya jukwaa, mchezo ukiendelea, kwa kuwa uchungu ulimkuta mama akipitisha sindano kwenye joho la jemadari wa mashetani, na baba hakusimamisha mchezo, hivyo sauti ya kwanza aliyoisikia mtoto huyu duniani ilikuwa ya jemadari huyo akitishia kumeza mji mzima. Mama aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni kwa kumsuta baba, na baba alikuwa akijitetea kwamba mchezo ukishaanza hausimamishwi. Kumbukeni maneno hayo.

Watu wa magazeti walizoea kumuuliza ni waandishi gani waliomlea, naye alikuwa akiwatajia wawili watatu wakubwa ili waende zao, lakini sisi wa nyumbani tunajua waliomlea ni nani. Wa kwanza ni baba, ambaye kwa mikono miwili na koo moja aliweza kuwa mfalme, kikongwe, mbwa na mvua, wa pili ni Mzee Ngo, mpanga visa wa kundi, aliyekuwa akifika na kuagiza bakuli la tambi, na wakati anakula anamwelezea baba mchezo wa siku hiyo wote kwa mdomo, nani ataingia, nani atakufa, nani ataonekana amekufa kumbe bado, bila kuandika hata neno, na bakuli likiisha na kisa kimeisha. Wa tatu ni duka la kukodisha vitabu la karibu na soko, alikosoma hadithi za mapanga na majini akiwa amesimama, maana kusoma kwa kukaa kulilipiwa, na ndiyo sababu mpaka anaingia uzeeni alikuwa akisoma riwaya amesimama jikoni huku wali unaungua. Na wapo wengine waliomlea, ambao ndio wenye benchi hili.

Mwezi wa saba wa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, kama mnavyojua, wale tusiowataja hutoka kutembea, Ndugu Wema, waliokufa bila wa kuwachomea ubani, tunawapikia, tunawawekea maji ya kunawa uso, na hekaluni tunawachezea vikaragosi, na safu ya mbele ni yao, hata mtoto mtundu vipi haikalii. Tarehe 16 Agosti 1970, siku ya kumi na tano ya mwezi huo, alasiri ya jua kali, kundi la Nyota Tano lilicheza mchezo mpya wa Mzee Ngo juu ya Pek-hun, msafiri mwenye mwavuli mweusi, ambaye wafu waliopotea njia huweza kutembea chini ya mwavuli wake mchana kweupe bila kudhurika, naye huwarudisha kwao. Baba alikuwa ameufikisha mchezo kwenye daraja la kamba, Pek-hun yuko katikati, mwavuli umefunguka, chini yake umati usioonekana, na mlinzi wa daraja mwenye uso wa kijani amemzuia na kumuuliza anampeleka nani.

Sasa, ng'ambo ya barabara, muuza barafu ya kukwangua alikuwa amenunua televisheni, ya kwanza Toakhe, na alasiri ile akaiwasha. Watoto walikwenda kwanza, akina mama wakafuata kwa kisingizio cha kuwarudisha watoto, wakafuata wanaume, na mwisho mzee wa hekalu mwenyewe, udi ukiwa bado unafuka mkononi mwake, wakasimama mlangoni kwa muuza barafu wakitazama vikaragosi vya mjini vikirushiana moshi ndani ya sanduku. Baba alichungulia kwenye upenyo wa pazia, akauona uwanja mtupu, na alikuwa mtu wa kiburi, familia haifichi hilo, akamvua Pek-hun mkononi kabla hajajibu.

"Hakuna mtu," alisema. "Fungeni."

Upatu ukanyamaza, ngoma ikanyamaza, na Sok-hun, ambaye kazi yake ilikuwa kumpa baba vikaragosi kwa zamu, alisema maisha yake yote kwamba katika ukimya ule alilisikia benchi la mbele likilia, kuanzia mwisho mmoja hadi wa pili, kama linavyolia watu waliokuwa wameinamia mbele wanapoegemea nyuma wote kwa pamoja.

"Baba," alimwambia, "wale wa mbele bado wamekaa."

Baba alimwambia abebe sanduku. Kesho yake asubuhi alifungua kinywa aombe uji na sauti haikutoka, wala haikutoka tena, na madaktari watatu wa mjini walimulika koo lake wakasema koo ni zima kabisa. Mzee Ngo aliitwa aeleze mchezo ule ulikuwa uishe vipi ili kundi jingine liumalizie, akasema kwa aibu kwamba siku ile tambi zilikuwa chache, alimpangia baba mpaka darajani tu, na jibu la Pek-hun alimwachia baba alitunge mwenyewe akiwa jukwaani. Kundi la kutoka Huwei likaletwa likacheza mchezo mwingine, mzuri tu, wa ndoa.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia 1965 hadi 1971, na shule ya kati hadi 1974, na alikuwa mwanafunzi mwenye akili ingawa cheti chake cha tabia si cha kuonyesha wageni. Chanzo ni mapumziko ya mchana, pale darasa zima linapolaza vichwa juu ya mikono mezani na husikii ila feni. Septemba ya mwaka ule wa 1970, Sok-hun akiwa amekaa dawati la mwisho kabisa, mgongo wake ukigusa ukuta, alisikia mtu nyuma yake, mahali ambapo pana ukuta tu, akiuliza kwa upole na kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo shuleni ilikuwa marufuku.

"Halafu?"

Alidhani ameota. Lakini mwalimu aliyekuwa mbele naye alilisikia neno lile, akaliona limetoka upande wa Sok-hun, akamvisha shingoni kile kibao cha wanaosema lugha ya kwao, akakivaa mpaka jioni. Familia inalitaja hili kwa sababu wapo waliokuja kusema kwamba marehemu alikuwa na mawazo mengi tangu utotoni, ni kweli, lakini mwalimu yule hakuwa na wazo hata moja na alisikia. Siku ya pili yake, mchana huo huo, swali likarudi, na Sok-hun, kwa kuogopa kibao kuliko kuogopa ukuta, aliinamisha kichwa akanong'ona kwamba Pek-hun, kabla ya kujibu, alikumbuka safari yake ya nchi ya wachonga chumvi, akaisimulia safari hiyo mpaka kengele ilipolia. Kimya kikaingia na kikadumu hadi mwezi wa saba wa mwaka uliofuata. Hivyo ndivyo alivyoanza kutunga hadithi, na hakuna mwanzo mwingine.

Ban-seng alikuwa akilala chumba kimoja naye, na siku za Jumapili mchana alimwona dada yake akiongea na ukuta, akasikiliza kwa makini kama kuna anayemjibu, hakusikia kitu. Hajawahi kusikia kitu maisha yake yote, na alipokuwa mdogo jambo hili lilimuuma, maana alidhani anabaguliwa.

Kuhusu kazi, sauti ya baba ilipopotea vikaragosi viliingia sandukuni, na mwaka 1974 marehemu alikwenda Kaohsiung kuajiriwa katika kiwanda cha vipuri vya redio, alikowasimulia wasichana wenzake safari za Pek-hun mpaka wakaunganisha nyaya vibaya na msimamizi akamhamishia kwenye chumba cha kuhesabu misumari, peke yake, akasimulia huko huko. Alikuwa haisogezi hadithi mbele. Kila mwaka, mwezi wa saba unapowadia na swali linapoanza, Pek-hun alikumbuka safari nyingine ya zamani, nchi nyingine, vita vingine, huku miguu yake ikiwa pale pale katikati ya daraja, kwa sababu Sok-hun hakujua jibu na alichelea kutoa jibu la uongo mbele ya watu wale. Mwaka 1977 alipata kazi katika kituo cha redio cha Chiayi, akisoma matangazo ya dawa ya tumbo na katikati ya matangazo anasimulia, dawa ikauzika sana, na wasikilizaji wakawa wanamletea mizigo ya wali uliofungwa kwenye majani mpaka walinzi wa kituo wakanenepa. Mwaka 1979 gazeti moja likaanza kuchapa hadithi hizo kila Jumamosi.

Hapo ndipo inapoingia habari ya ndoa. Katika gazeti hilo alikuwapo mpanga herufi, kijana Teng Bun-kiat, mtu wa kuokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga, aliyeisoma hadithi kabla ya mtu yeyote na aliyekuwa hawezi kungoja Jumamosi. Siku moja mchana alishuka ngazi, akamkuta Sok-hun amegeukia ukuta anakula, akasimama nyuma yake na kumuuliza, "Halafu?" Bakuli likaanguka likapasuka. Sok-hun aligeuka taratibu akamtazama kuanzia chini, akaona kandambili za plastiki zenye wino na kidole gumba kilichofungwa plasta, akaanza kucheka mpaka akakaa sakafuni, na baadaye alimwambia mama kwamba amempata mtu wa kwanza aliye hai wa kumuuliza swali lile, na huyo hamwachii. Walifunga ndoa tarehe 6 Januari 1980, na tarehe 22 Oktoba 1981 walibarikiwa mtoto mmoja, Teng Ju-an, ambaye ni mfamasia na ndiye aliyepanga viti mlivyokalia.

Kitabu cha kwanza cha Mwavuli kilitoka mwaka 1984, marehemu akaiacha redio, akawa mwandishi na si kitu kingine. Idadi ya vitabu mnaijua kuliko sisi, mnavyo majumbani, wengine nimeona mmekuja navyo. Tuzo alipata, na ile kubwa ya marumaru alizuia nayo mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo. Mwezi wa saba ulipofika aliwachapishia wale wa ukutani sura mpya badala ya kuwanong'oneza, na swali lilipoendelea kuja alidhani linakuja kwa uzuri, kama la msomaji anayesubiri kitabu kijacho, akawa amelizoea, hata alikuwa akisema mchana usio na swali humfanya ajihisi mpweke.

Baba alifariki tarehe 3 Februari 1988. Siku ya mwisho Sok-hun alimsogelea akamuuliza waziwazi Pek-hun alijibu nini, na baba, ambaye alikuwa hajavaa kikaragosi tangu siku ile ya televisheni, aliinua mkono wake wa kulia mtupu, kidole cha shahada kikawa kichwa, gumba na cha kati vikawa mikono, na kile kikaragosi kisicho na nguo kikageuka nyuma kikatazama, kikageuka mbele kikainama, kisha kikafungua mikono yote miwili kadiri ilivyoweza kufunguka. Mkono ukashuka. Marehemu alikaa na kitendo kile miaka mingi akikijaribu kwa mkono wake mwenyewe, kwenye foleni ya samaki, kwenye treni, mpaka watu wakadhani ana maradhi ya vidole.

Mumewe, shemeji yetu Bun-kiat, alifariki tarehe 30 Mei 2016 kwa moyo, akiwa na mswada wa kitabu kilichotangulia cha mwisho kifuani, na hadithi aliijua hadi ukingoni mwa lile jibu, hakuvuka. Jambo hilo lilimuumiza marehemu kuliko alivyolionyesha. Ndipo akaamua kumaliza, na mwaka 2019 kitabu cha mwisho kikatoka, Pek-hun akajibu, daraja likavukwa, mkalia nchi nzima, na yeye akafunga kalamu akasema sasa nimelipa deni la baba.

Agosti iliyofuata, mchana, akiwa anamenya vitunguu, swali likaja kama kawaida. Hakumwambia mtu.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Machi 2022 sauti ilianza kukwaruza, ikaonekana ni saratani ya koo, akapasuliwa mwezi Juni mwaka huo, na tangu hapo alikuwa na tundu shingoni na ili atoe maneno machache ilibidi alizibe kwa kidole, maneno yakatoka makavu na ya chini, watoto wa jirani wakawa wanamkimbia. Alilipokea vizuri, alisema katika familia yetu koo ni kitu cha kuazima. Kilichomshtua ni kingine. Mwezi Agosti mwaka huu, Ju-an alikuja kula chakula cha jioni akasimulia kwa kucheka kwamba mchana, duka la dawa likiwa limefungwa na yeye amelaza kichwa kwenye kaunta, mteja mmoja alimuuliza, "Halafu?", na alipoinua kichwa hapakuwa na mtu na komeo lilikuwa bado mlangoni. Marehemu aliweka vijiti vyake mezani, hakula tena.

Kesho yake akamwita mdogo wake. Ban-seng alifika akinuka soya, akamkuta amekaa uani na mwavuli mweusi wa mvua magotini, akaambiwa mambo yote haya tangu mwanzo, kidogo kidogo, kidole shingoni, kwa mchana kadhaa, na jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba haamini, na la pili kwamba hata kama ni kweli, mwisho umeshaandikwa na kuchapwa, wanataka nini tena.

"Wao hawasomi, Ban-seng," alisema dada yake. "Walikuja kusikiliza."

Hapo jambo lilimwingia Ban-seng, anakiri. Vitabu vyote vile, karatasi yote ile, na waliokuwa wakiudai mwisho hawakuwahi kufungua hata ukurasa, walikuwa wamekaa tu, wakingoja mtu asimame mbele ya benchi lao awaambie kwa mdomo, na mwenye mdomo alipolitambua hilo mdomo wenyewe ulikuwa umekwisha. Akasema basi Ju-an awasimulie, ana sauti ya mama yake. Marehemu alimpiga goti kwa mwavuli. Alisema atakayewasimulia vizuri watamfuata, walimfuata yeye kwa sababu ya ile nchi ya wachonga chumvi, ilikuwa tamu mno, alikuwa mtoto na alitaka kupendeza, na hatakubali mwanawe aishi miaka hamsini akijibu ukuta. Ban-seng akauliza kwa nini yeye.

Marehemu akaziba shingo.

"Kwa sababu tangu uzaliwe," alisema, "hakuna mtu aliyewahi kukuuliza halafu."

Na hilo ni kweli tupu. Mkewe Ban-seng analala akisimuliwa habari za sokoni. Wajukuu wake huomba wasimuliwe na bibi. Lilikuwa neno la kuchoma na lilichoma, lakini dada alikuwa akicheka bila sauti, machozi yakimtoka, ameushika mkono wa mdogo wake, na Ban-seng alielewa kwamba kwa mara ya kwanza tangu ule ukuta, dada yake ana kitu anachokihitaji na kipo kwake peke yake. Dada akamfundisha ule mwisho, mchana baada ya mchana. Ban-seng alitaka kuongeza radi, akapigwa goti. Alitaka Pek-hun aseme maneno marefu kidogo, kwa heshima ya tukio, akapigwa goti. Akaenda kuusema mbele ya mitungi yake, na mkewe aliyekuwa akifagia karibu alipiga miayo, ikaonekana sasa ameiva.

Marehemu alifariki tarehe 9 Novemba 2023, mchana, katika hospitali ya Chiayi, Ju-an akiwa upande mmoja na Ban-seng upande mwingine. Muda mfupi kabla, alimwashiria mdogo wake auseme mwisho, naye akausema wote, akangoja kusahihishwa, na hakusahihishwa.

Sasa, waombolezaji, wakati wa kufunga jeneza mliozaliwa mwaka usiopatana na siku ya leo mliambiwa mgeuke, mkageuka bila kuuliza, na familia inaomba kitu kama hicho kwa muda mfupi tena, atakayesikia benchi likilia asilitazame. Ban-seng ataweka karatasi chini kwa sababu sehemu hii hairuhusiwi kusomwa. Benchi ni lile lile, hekalu limetuazima, asante kwao.

Pek-hun yuko katikati ya daraja la kamba. Mwavuli umefunguka. Mlinzi mwenye uso wa kijani amemuuliza, unampeleka nani. Pek-hun amegeuka nyuma akawatazama walio chini ya mwavuli, akageuka mbele, akainama, akafungua mikono. Akasema, "Ni ndugu zangu. Wametembea siku nyingi, naomba wapite." Mlinzi akasogea pembeni. Wakapita. Ng'ambo kulikuwa na kijiji, ni jioni, wali umeiva, milango iko wazi, na kila mmoja aliitwa kwa jina lake aje kula, akaingia kwao. Wa mwisho alipoingia hapakuwa na mtu tena chini ya mwavuli. Pek-hun akaufunga, akauegemeza ukutani, akanawa mikono, naye akaingia kula. Mlango ukafungwa. Mchezo umekwisha.

Kama kuna wa kuuliza, aulize sasa, tunangoja.

Basi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya koo, ambao walimvumilia mgonjwa aliyewauliza kila mmoja habari za kwao mpaka wengine wakalia kazini, inawashukuru majirani waliokunja karatasi za dhahabu za kumchomea marehemu usiku na mchana na waliopika, mhariri na wafanyakazi wa nyumba ya vitabu, waliokuwa wenzake wa redio na wa gazeti, na hekalu la Toakhe. Inawashukuru wasomaji, na inawaomba msiwe na uchungu kwamba hakuna kitabu kingine.

Na mwisho inawashukuru wa mbele. Tarehe 16 Agosti 1970 mliambiwa hapa kwamba hakuna mtu, na kwa niaba ya Liau Tian-hok, ambaye tunadhani mmekaa naye humo pamoja na shemeji Bun-kiat, ambaye hakuwahi kuvuka, familia inaomba radhi, mlikuwepo, mlikaa vizuri, na mlingoja kwa adabu kuliko walio hai wanavyongoja. Chakula kimeandaliwa kwa ajili yenu mlangoni, upande wa kushoto, nendeni mkale moto moto, na kwa Ju-an msipite, hana hadithi, anauza dawa tu.

Dada, nimeisema kama ulivyonifundisha, bila radi. Hakuna aliyeuliza kitu. Pumzika sasa kwa amani.